Jina Chini ya Konokono

Chini ya kila picha iliyotoka katika karakana ya Bwana Hegelein, mjini Augsburg, kulikuwa na majina mawili. Kushoto jina la aliyechora, kulia jina la aliyechonga shaba. Jina la aliyetia rangi halikuwapo popote, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini, kama vile anayekunywa maziwa haulizi jina la ng'ombe. Lienhard Zwingel alikuwa ametia rangi miaka ishirini na mitatu. Kasuku, samaki, vipepeo, nyani wa nchi za mbali, wote waliingia mikononi mwake weusi na weupe wakatoka wakiwa na damu. Siku akifa angezikwa na vidole vya kijani, basi.

Kwa nafsi yake hakujali. Alilolitaka lilikuwa jina la mkewe, mara moja tu, chini ya konokono mmoja.

Habari ya konokono huyo ilianzia jikoni, Ijumaa moja ya Kwaresima, mwaka uliofuata kumalizika kwa vita. Apollonia alikuwa amenunua konokono kumi na wawili kwa muuzaji wa kutoka Ulm, wale wa majira ya baridi waliojifungia ndani kwa kifuniko kigumu kama chokaa, awapike kwa siagi na kitunguu saumu. Ndiyo nyama ya mfungo ya watu wa kule, nyama ambayo padri akiiona hujifanya hakuiona. Maji yalikuwa yanatokota. Lienhard, na njaa yake mezani, akasikia jikoni pamekuwa kimya mno.

"Konokono wamekushinda mbio?" akauliza.

"Njoo uone."

Akaenda na kipande chake cha mkate mweusi mkononi. Apollonia alikuwa amewapanga mstari mmoja juu ya meza, ncha zikielekea juu, milango ikimtazama yeye. Kumi na mmoja walikuwa na mlango upande wa kulia. Mmoja alikuwa nao kushoto.

"Sasa? Huyu ana ladha nyingine?"

"Wewe mume wangu, Mungu alikupa macho ya rangi tu, ya umbo akasahau. Huyu ni mfalme. Bibi yangu alisema katika maelfu huzaliwa mmoja anayezunguka kinyume, na yeye alifika kaburini bila kumwona."

"Mfalme naye huliwa."

"Wafalme hawaliwi," Apollonia akasema. "Wao ndio hula."

Wakala kumi na mmoja. Wa kumi na mbili aliwekwa katika bakuli la udongo karibu na jiko. Siku ya tatu joto likamwamsha, akasukuma kifuniko chake, akatoa pembe moja, kisha ya pili, kama mtu anayechungulia kama wadai wameondoka. Apollonia akampa majani ya saladi na maganda ya mayai. Akakaa mbele yake na kalamu yake ya risasi, jioni baada ya jioni, mpaka Pentekoste.

Ieleweke kwamba Apollonia hakuwa mke wa mtia rangi tu. Naye alikaa kwenye benchi la Hegelein, na mkono wake ulikuwa bora kuliko wa wote. Yeye ndiye aliyetengeneza karatasi mama. Katika kazi ile, picha mpya ikishachongwa, hupigwa chapa moja ya kwanza ambayo bado haina maandishi. Mtu mmoja mwenye jicho huitia rangi zote. Bwana huikagua, huipiga muhuri wake mgongoni, nayo husimamishwa katikati ya meza. Hiyo ndiyo karatasi mama. Watia rangi huketi mstari mmoja, kila mmoja na rangi yake, mwenye kijani na kijani, mwenye hudhurungi na hudhurungi, karatasi ikihama kutoka mkono hadi mkono, na kila mmoja akitazama mama kabla hajagusa. Pasipo mama hakuna brashi inayoloweshwa. Lilikuwa agizo la nyumba, na Bwana Hegelein alilipenda kuliko amri za Musa.

Brashi walizinoa kwa midomo ili ncha ziwe kali. Kijani cha Hegelein kilitokana na kutu ya shaba, kile cha bei ya chini, kwa kuwa kile kizuri kilikuwa kwa ajili ya vitabu vya wakuu. Apollonia alikilamba miaka kumi na minane. Alipoanza kuumwa tumbo, Bwana alimpelekea supu.

Lakini kabla ya tumbo palikuwa na jambo la shaba. Shaba ni kama kioo: ukichonga kulia, karatasi hutoa kushoto. Mchongaji mwenye adabu huugeuza mchoro kwanza, ndipo huchonga. Görg Tratz, mchongaji wa nyumba na rafiki wa Lienhard tangu ujana wao, hakuwa na subira hiyo. Aliuiga mchoro kama ulivyo, maana kasuku akitazama dirishani badala ya mlangoni, nani atalia? Konokono si kasuku. Katika juzuu la kwanza na la pili la kitabu kikubwa cha Hegelein, michoro iliyochorwa na vijana wapita njia ambao hata majina yao yalisahaulika, kila konokono alitoka na mlango wake kushoto. Kurasa arobaini za wafalme, hakuna raia hata mmoja.

Aliyeliona kosa hilo alikuwa Apollonia, peke yake.

"Shemeji Görg," alimwambia siku hizo, "konokono wako wote wamegeuka."

"Wamelalamika?" Görg akajibu, na meza nzima ikacheka.

Akaenda kwa Bwana. Bwana akamwambia, "Bibi Zwingel, wewe tia rangi."

Kwa hiyo alipompata mfalme wa kweli, hakumwamini mtu. Akaenda akasimama nyuma ya Görg na kioo mkononi, siku nne, mpaka akamlazimisha kuugeuza mchoro. Maana Görg angechonga kwa mazoea yake, mfalme angetoka raia wa kawaida, na kitabu kingekuwa kimekosea kila konokono aliyemo, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Görg alinung'unika, akambandika jina la mke wa jemadari, lakini aligeuza. Chapa ya kwanza ilipotoka, mlango ulikuwa kushoto, mahali pake hasa. Apollonia aliitia rangi akiwa kitandani, ubao juu ya magoti. Hiyo ikawa karatasi mama yake ya mwisho.

Bwana Hegelein alikuja mwenyewe kuichukua, na kofia yake mkononi. Chumbani walikuwamo Lienhard, Görg, na Bi Walburga, mjane mzee aliyekaa benchi moja na Apollonia.

"Apollonia," Bwana akasema, "chini ya huyu nitaandika jina lako. Apollonia Zwingel, alichora kutoka kwa aliye hai. Hawa ni mashahidi."

"Upande wa kushoto," Apollonia akasema. Sauti ilikuwa imebaki kama uzi. "Upande wa wachoraji."

"Kushoto."

Akafa mwezi wa Agosti, akiwa ameridhika. Mtu akiniuliza nani mjanja zaidi, mwizi anayekuja na shoka au bwana anayekuja na kofia mkononi, sitamaliza hata kulisikia swali.

Baada ya maziko mambo mawili yalitokea, na Lienhard hakuyapa uzito. La kwanza, Daktari Amberger, mkwe wa Bwana, yule aliyeandika maelezo ya kitabu, alituma mtumishi amchukue konokono. Alimtumbukiza katika maji ya moto, akamtoa nyama kwa sindano, akaliweka gamba katika kisanduku chenye mahameli. La pili, wiki iliyofuata, Bwana alimwita Lienhard ofisini. Juu ya meza palikuwa na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono wa karani.

"Ni habari ya jina la mkeo, Zwingel. Weka mkono hapa."

Lienhard alijua kuandika jina lake, akajua na la mkewe. Zaidi ya hapo, herufi alizisoma moja moja kama mtu anayevuka mto kwa mawe, na karani alikuwa na mwandiko wa kukimbia. Kumwomba Bwana amsomee aliona haya. Tena wiki moja baada ya maziko, machozi hayajakauka, nani anadai kusomewa? Akaweka mkono. Bwana akamshika bega.

Majira ya baridi yakapita. Mwezi wa Februari, asubuhi yenye ukungu wa mto Lech, mzigo wa juzuu la tatu ukaletwa kutoka kwa wachapaji: konokono mia tatu, chini wakiwa tayari na maandishi, na juu yao bunda la dibaji, limefungwa kwa kamba. Karatasi mama ikasimamishwa katikati ya meza. Bi Walburga akachanganya kijani chake. Endres, kijana mwenye mdomo aliyesoma kwa mapadri Wajesuiti mpaka wakamchoka, akanoa brashi ya hudhurungi ya gamba. Lienhard yeye alikuwa na rangi ya mwili wa konokono, ile ngumu, kijivu kisicho kijivu na njano isiyo njano.

Hakugusa brashi. Akachukua karatasi ya juu, akatazama chini, kushoto. Herufi ya kwanza ilikuwa S. Jina la Apollonia halianzi na S. Akavuka jiwe moja, akavuka la pili. Palikuwa na A mbele kidogo, moyo ukamruka, lakini baada ya A ikaja M.

"Endres. Nisomee hapa."

"Leo mzee Lienhard anataka elimu," Endres akasema, akasogea. "Sixt Amberger, daktari wa tiba, alichora kutoka kwa aliye hai." Aliijua ahadi ile, kila mtu mezani aliijua.

"Soma tena."

"Nikisoma tena haitabadilika, mzee."

Bi Walburga akasema, bila kuinua macho, "Labda wamemweka mbele, mwanangu. Kwenye dibaji. Wakubwa wakitaka kumheshimu mtu humweka mbele."

Lienhard akafungua ile kamba. Dibaji ilikuwa kurasa nne za herufi ndogo kama mchanga. Akashuka na kidole chake cha kijani, ukurasa wa kwanza, wa pili. Katika wa tatu kidole kikasimama. Pale palikuwapo, kwa herufi za chapa, kubwa kidogo kuliko nyingine: Apollonia Zwingel. Hakuhitaji mtu wa kumsomea. Akaligusa, kisha akafuta kidole kwenye aproni, akaligusa tena.

"Huyu hapa," akasema. "Bi Walburga, huyu hapa. Umesema kweli." Na uso wake, ambao tangu Agosti ulikuwa umefungwa kama konokono wa baridi, ukafunguka. "Tazameni wote. Mke wa mtia rangi, ndani ya kitabu kitakachofika Leiden na Paris. Jioni bia ni juu yangu. Endres, soma, soma kwa sauti, hata wale wa mwisho wa benchi wasikie."

Endres akasoma moyoni kwanza. Masikio yake yakawa mekundu.

"Mzee, tufanye kazi kwanza. Gundi ya rangi inakauka."

"Soma."

"Mzee Lienhard..."

"Nimesema soma, mtoto wa watu, au nimwite karani?"

Endres akasoma, na safari hii hakuweka mzaha wowote. Dibaji ilisema hivi: mabwana wataalamu wa Leiden wameona, na kwa haki, kwamba konokono wa majuzuu mawili ya kwanza wamegeuzwa wote, jambo lililoitia aibu nyumba hii. Kosa hilo halikuwa la mwenye nyumba wala la mchongaji wake mahiri. Lilitokana na michoro ya mwanamke mmoja, mtia rangi, Apollonia Zwingel, sasa marehemu, ambaye kwa udhaifu wa elimu ya jinsi yake hakujua kulia na kushoto ni nini. Hayo yamethibitishwa kwa mkono wa mumewe. Katika juzuu hili msomaji asihofu, maana konokono wa kushoto aliyemo ni wa kweli, na amechorwa na Daktari Amberger mwenyewe.

Brashi zote zikasimama. Lienhard alikuwa bado ameweka kidole pale kwenye jina.

"Kwa mkono wa nani?" akauliza.

"Wa mumewe," Endres akasema polepole.

Basi. Akaondoka na ile karatasi, akapanda ngazi, akaingia ofisini bila kubisha. Bwana Hegelein alikuwa anakunywa kahawa. Kahawa, saa tatu asubuhi, na watu chini wanalamba shaba.

"Bwana, mke wangu hakuchora hawa. Alikuja mwenyewe akakwambia wamegeuka. Alisimama hapa hapa."

"Zwingel, keti."

"Sikuja kuketi. Uliahidi jina lake chini ya mfalme. Kushoto. Mbele ya watu."

"Na jina lake limo kitabuni," Bwana akasema, kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto kwa nini mbwa alichinjwa. "Sikiliza. Leiden wametaka kurudisha vitabu. Lazima kosa liwe la mtu. Nikisema la Tratz, nani atanunua shaba yake tena? Nikisema langu, nyumba inafungwa, na wewe na bibi yule mzee na wote mnakwenda kuomba mlangoni pa kanisa. Mkeo hana hasara. Yuko mahali ambapo vitabu havisomwi."

"Niliweka mkono kwenye heshima yake."

"Uliweka mkono kwenye karatasi." Akafungua mtoto wa meza, akaitoa. "Hapa umethibitisha: michoro yote ya konokono, juzuu la kwanza na la pili, ni ya mkeo. Huu ni mkono wako au si wako?"

Ulikuwa wake, mkono mzito, herufi zimesimama kama vigingi. Lienhard akautazama kama mtu anavyotazama nyayo zake mwenyewe zikitoka kwenye nyumba iliyoibiwa.

"Görg anajua," akasema. "Atasema."

"Muulize," Bwana akasema, akarudi kwenye kahawa yake.

Görg alikuwa dirishani pake, ameinamia bamba jipya, na mchanga wa shaba kwenye ndevu. Hakuonekana kushangaa. Aliweka patasi chini, akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Ulijua, Görg?"

"Nilijua tangu Septemba."

"Umekula kwangu Krismasi. Umelia na mimi kaburini."

"Nililia kweli. Shemeji nilimpenda." Akavuta pumzi. "Lienhard, ndugu yangu, marehemu hafukuzwi kazi. Mimi hufukuzwa. Nina binti watatu na macho haya yamebakiza miaka mitano. Yeye angekuwa hai ningesema ni mimi, naapa."

"Angekuwa hai angesema mwenyewe."

"Hilo nalo ni kweli," Görg akasema.

Lienhard akamwacha na bamba lake.

Akarudi kwenye meza ya rangi. Walimsikia akishuka wakajifanya wana shughuli nyingi. Akasimama mbele ya karatasi mama, mfalme na pembe zake mbili juu ya jani la saladi, na kijani ambacho kilimuua aliyekipaka. Kisha akaichukua, akaitumbukiza katika ndoo ya kuoshea brashi, akaisugua kwa kiganja kama mtu anavyosugua chungu. Rangi ikajitoa kama wingu. Bi Walburga akafunika mdomo. Alipoitoa, ilibaki mistari myeusi tu na kitambaa cha karatasi kinachodondosha maji, na muhuri wa Bwana mgongoni umekuwa doa.

"Mwiteni sasa," akasema.

Hakuna aliyehitaji kumwita. Habari katika karakana huenda kwa miguu yake. Bwana Hegelein alikuja na leso bado shingoni, nyuma yake Daktari Amberger, mtu mwembamba mwenye viatu visivyojua matope.

"Umefanya nini?"

"Nimefuata agizo la nyumba, Bwana. Pasipo mama hakuna brashi inayoloweshwa. Mama hayupo."

"Utaitengeneza nyingine."

"Daktari aitengeneze. Si ndiye aliyechora kutoka kwa aliye hai?" Lienhard akamgeukia. "Daktari, mwili wa mfalme ulikuwa na rangi gani? Tuambie tuchanganye. Ukingo wa mguu wake? Ncha za pembe?"

Daktari akaitazama ile karatasi iliyooshwa. Kisha akasema, "Kahawia. Kwa jumla, kahawia."

Endres alishindwa kujizuia, akacheka puani. "Alimwona amechemshwa," akasema kwa sauti ya chini, na kicheko kikapita benchi zima, kifupi, cha watu wanaojua kitawagharimu.

Bwana Hegelein hakucheka. Alikuwa mwovu lakini hakuwa mjinga katika kazi yake, na alijua kwamba Leiden, safari hii, wangetazama kila unywele. Rangi za konokono aliye hai zilikuwa katika kichwa kimoja tu chini ya paa lile.

"Unataka nini, Zwingel?"

"Futa ile dibaji. Na hapa chini, kushoto, weka jina uliloahidi. Nikishaliona nitakutilia rangi karatasi zote mia tatu peke yangu. Nitakutilia rangi mpaka nife."

Bwana akatazama karatasi mia tatu. Akatazama dirishani. Kwa mara ya kwanza tangu Agosti, Lienhard aliona mtu mkubwa akipima, na kipimo kikielemea upande wake. Bwana alipangusa mdomo kwa leso. Alikuwa ameanza kusema, "Mchonga herufi anaweza labda..."

"Bwana." Görg alikuwa amesimama mlangoni. Hakumtazama Lienhard. Kwapani alikuwa na bahasha ya ngozi, ile anayobebea michoro. "Ipo nyingine."

Akaja mezani, akaifungua. Ilikuwa chapa ya pili ya mfalme, yenye rangi zake zote, mbichi kana kwamba imepakwa jana: kijivu kisicho kijivu, njano isiyo njano, ukingo wa mguu kama maziwa, ncha za pembe nyeusi. Mkono ule Lienhard angeutambua hata gizani.

"Alinipa sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, mwezi wa Julai," Görg akasema, akiiambia meza. "Zawadi. Alisema ni kwa kuwa nilikubali kugeuza."

Bwana Hegelein akaichukua, akaipeleka kwenye mwanga, akaigeuza, akaagiza muhuri. Wino ukaletwa, muhuri ukapigwa mgongoni. Akaisimamisha katikati ya meza.

"Haya," akasema. "Mama yupo. Tratz, nimekuona. Zwingel, aproni yako ubaki nayo, ni chakavu." Akapanda ngazi, daktari akimfuata.

Görg alibaki amesimama kidogo, kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. "Lienhard," akasema. Lienhard akampa mgongo, naye akaenda zake dirishani, na baada ya muda patasi yake ikasikika, kwa-kwa-kwa, juu ya shaba.

Kazi ikaanza. Karatasi ya kwanza ikapita kwa Bi Walburga, akapaka jani. Ikapita kwa Endres, akapaka gamba, kichwa chini. Ikafika mahali pa Lienhard, ikasimama, kwa sababu hapakuwa na mtu. Ya pili ikafika, ikalala juu yake. Bi Walburga, aliyesikia ahadi ile kwa masikio yake mawili kando ya kitanda, alizitazama zikirundikana. Kisha akasogea kwenye benchi, nafasi moja, akakaa palipokuwa pa Lienhard.

"Nipe kibakuli chako cha rangi, baba," akasema, bila kumwangalia. "Wametaka mia tatu kabla ya Pasaka."

Lienhard alikuwa amekishika kile kibakuli muda wote huo bila kujua. Angeweza kukivunja. Angeweza kuondoka nacho, na bibi yule angechanganya kahawia, kwa jumla kahawia, na mfalme wa Apollonia angekwenda Leiden na Paris akiwa na rangi ya maji ya vyombo. Akamtazama mama mpya katikati ya meza. Ule mguu wa maziwa.

Akaweka kibakuli mbele ya Walburga.

"Kijivu kwanza, chembamba," akasema. "Kikikauka nusu, tone moja la njano. Moja tu, Bi Walburga. Ukingoni usipake kitu, acha karatasi ionekane."

"Tone moja," Walburga akasema, akanoa brashi kwa midomo.

Lienhard alisimama nyuma yake mpaka konokono wa kwanza akakamilika. Alikuwa sawasawa. Chini yake, kushoto, jina la daktari lilikuwa jeusi na safi, na wino wake haukuwa na hitilafu hata kidogo. Akavua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka benchini ingawa alikuwa ameambiwa abaki nayo, akatoka.